Nguvu za Mnyama Wakati wa Kipupwe



Wasomaji wetu wapenzi, mwezi huu tumeona tuzungumze habari ambayo pengine baadhi yenu mtaiona si ya ukurasa huu wa nyumbani, nayo ni habari ya mnyama wa kupandwa na kubebeshwa: jinsi anavyozoezwa na kuendeshwa, hasa awapo na nguvu nyingi na majira ni ya baridi. Jambo hili limeletwa mbele yetu na barua ya mama mmoja wa Ikola, kwenye ufuo wa Ziwa Tanganyika katika Mkoa wa Katavi.

Mama huyo aeleza kwamba mumewe alinunua punda dume, kijana mwenye afya, wa kuchukua magunia ya dagaa kutoka ufuoni. Siku za giza, wavuvi waendapo ziwani na taa zao, punda huyo hushinda akipanda na kushuka na mizigo, naye ni mtulivu kama kondoo. Lakini siku za mbalamwezi taa hazina kazi, mitumbwi hulazwa mchangani, na punda hufungwa mtini nyuma ya nyumba, akipewa pumba zake kama kawaida. Kazi irudipo, siku ya kwanza huwa ni vita. Huruka, huuma, hupiga mateke. Na katika kipupwe hiki alimtupa mtoto wa miaka 13 juu ya mawe, mkono ukavunjika. Baba ataka kumtoa ukaidi kwa fimbo. Jirani asema mnyama ana shetani. Mama ataka auzwe, ila akumbuka kwamba mgongo wa punda huyo ndio ulionunua sare na madaftari ya watoto. Basi atuuliza: dini yetu yasemaje?

Mtoto huyo twamwombea kwa Mwenyezi Mungu apone upesi. Na swali hili si dogo, kwani ndani yake mna mwili wa mtoto, riziki ya nyumba, na haki ya kiumbe asiyeweza kujitetea kwa maneno.

Kwa kulijibu, yatubidi tuanze na farasi. Maana elimu ya kumzoeza mnyama mwenye nguvu, katika dini yetu na katika dunia nzima, ilikuzwa zaidi juu ya mgongo wa farasi, na mengi katika hayo yamfaa punda vilevile. Watu wa Ikola hawamjui farasi kwa kumwona kila siku, na sababu ni mbung'o. Inzi huyo wa misitu ya miombo hueneza ugonjwa wa nagana, na farasi ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika nao vibaya mno. Jirani zao wa Karema wanayo hadithi ya zamani juu ya jambo hili. Mwaka 1879 watu wa Mfalme Leopold II wa Ubelgiji walipokuwa wakijenga kituo chao hapo Karema, walileta tembo wanne kutoka Bara Hindi, wakawashusha pwani karibu na Dar es Salaam, wakawapeleka bara, ili waone kama mnyama huyo ataweza kuchukua mizigo katika nchi ambayo mbung'o wameifunga kwa farasi na ng'ombe. Tembo wengi wao walikufa njiani. Jaribio halikuendelea, na mizigo ikabaki juu ya vichwa vya wapagazi.

Lakini katika pwani yetu na visiwani farasi alijulikana sana. Sayyid Said bin Sultan alikuwa na farasi wa Kiarabu Unguja, na jahazi lake Sultana lilipokwenda New York mwaka 1840 lilichukua farasi wawili miongoni mwa zawadi za Rais wa Marekani. Binti yake, Bibi Salme, alijifunza kupanda farasi tangu utotoni katika jumba la Mtoni. Na hata leo huko Omani, wanakoishi ndugu zetu wengi wanaosema Kiswahili, farasi ni sehemu ya furaha za Idi na harusi. Maonyesho yao ya farasi na ngamia yaitwayo ardha yaliandikwa na UNESCO mwaka 2018 katika urithi wa wanadamu. Huko majira ya farasi ni majira ya baridi, kwa kuwa joto la kiangazi chao ni kali mno kwa mbio. Hivyo wafugaji wa huko huujua vizuri wakati ule ambao hewa imepoa na damu ya mnyama imechangamka.

Ama katika Kurani Tukufu, Sura ya An-Nahl, aya ya 8, Mwenyezi Mungu ametaja kwa pamoja farasi, nyumbu na punda kuwa ni viumbe alivyotuumbia tuvipande na viwe pambo. Punda hakuachwa nje ya heshima hiyo. Bwana Mtume (s.a.w.) mwenyewe alimpanda punda, na Muadh bin Jabal (r.a.) alipata kupakiwa nyuma yake juu ya punda huyo. Kwa hiyo yule adhaniye kwamba adabu za mnyama wa kupandwa ni za farasi wa masultani tu, na kwamba punda hana lake ila fimbo, aipime dhana yake upya.

Sasa tutazame mafunzo mawili ya Mtume (s.a.w.) yanayogusa swali letu.

La kwanza limo katika Sahihi Bukhari. Abdullah bin Umar (r.a.) amesimulia kwamba Mtume (s.a.w.) aliwashindanisha farasi waliozoezwa kutoka Al-Hafya mpaka Thaniyyat al-Wadaa, mwendo ambao wapokezi wameukisia kuwa maili 5 hadi 7. Ama farasi ambao hawakuzoezwa, aliwashindanisha kutoka hapo Thaniyyat al-Wadaa mpaka msikiti wa Bani Zuraiq, mwendo wa maili 1 hivi. Ibn Umar mwenyewe alikuwa mmoja wa washindani.

Na kuzoeza huko kulikuwa na utaratibu wake, ambao Waarabu waliuita idhmari. Farasi hulishwa vizuri mpaka anenepe na kupata nguvu. Kisha chakula hupunguzwa kidogo kidogo mpaka kifikie kiasi cha kumtosha tu. Hufunikwa nguo na kutiwa bandani atoke jasho, na nyama yake hukaza, mwili ukawa mwepesi na pumzi ndefu. Basi zingatieni. Mtume (s.a.w.) hakuwapa farasi wote mbio za namna moja. Aliyetayarishwa alipewa maili nyingi, na asiyetayarishwa alipewa moja. Kila mmoja alidaiwa kwa kadiri ya maandalizi yake, na maandalizi ni kazi ya mwenye mnyama.

Funzo la pili limo katika Sahihi Muslim. Mama wa Waumini, Bibi Aisha (r.a.), alipanda ngamia aliyekuwa mgumu, akawa anamrudisha huku na huku kwa nguvu. Mtume (s.a.w.) akamwambia awe mpole, akamfahamisha kwamba upole haukosi kukipamba kitu ulimo, wala hauondolewi katika kitu ila kitu hicho huharibika. Hadithi hii wengi twaijua kwa habari za ndoa na malezi, na ni kweli yafaa huko; lakini wengi husahau kwamba pahali pake pa kwanza palikuwa ni juu ya mgongo wa mnyama mkaidi. Na tena Bibi Aisha hakuambiwa ashuke, wala hakuambiwa ngamia aachwe afanye apendavyo. Aliambiwa aendelee kwa upole. Upole, kwa hiyo, si kumwacha mnyama bila ya kazi. Ni kumpa kazi kwa kipimo na kwa mkono mtulivu.

Tukiyaweka mafunzo haya mawili pamoja, twaipata sababu ya vita vya yule punda wa Ikola. Mnyama alizoea kazi nzito, na chakula chake kilipimwa kwa kazi hiyo. Ghafla kazi ikakatika siku kumi au zaidi, na chakula hakikupunguzwa. Nguvu zikajaa bila ya mlango wa kutokea. Kisha akafunguliwa siku moja, akabebeshwa mzigo kamili, akatakiwa awe mtulivu kama jana, na jana hiyo kwake ilikuwa nusu mwezi uliopita.

Wafuga farasi walilijua jambo hili zamani, na kwao madhara yake yalikuwa makubwa zaidi. Katika miji ya Ulaya, farasi wa mikokoteni walipumzishwa Jumapili huku wakipewa nafaka yao kamili. Jumatatu, mara tu walipoanza kuvuta, misuli ya mapaja ilikaza kama mti, mkojo ukageuka rangi ya kahawa, na wengine walianguka wasiinuke tena. Watu waliuita ugonjwa wa Jumatatu asubuhi. Dawa yake ilikuwa nyepesi kuliko maradhi: siku ya mapumziko punguza nafaka, bakisha majani, na mtembeze mnyama hata kwa muda mdogo.

Na kipupwe nacho huzidisha mambo. Miezi ya Juni, Julai na Agosti, pepo za kusini huvuma kwa nguvu juu ya Ziwa Tanganyika na usiku hupoa. Baridi humchangamsha mnyama mwenye afya, naye hutaka kukimbia ili apate joto. Upepo nao humtia hofu, kwa kuwa farasi na punda hujilinda kwa masikio na pua. Na upepo uvumapo, sauti huchanganyika na harufu hupotea, hata jani likianguka huliona ni adui. Mnyama arukaye kwa sababu hiyo hana ukaidi wala shetani. Anafanya lile aliloumbiwa kulifanya ili asiliwe.

Na si siku za mbalamwezi peke yake. Mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kwa miezi 3, tangu Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wapate kuzaliana. Miezi hiyo ni kipupwe chenyewe. Penye nyumba iliyomtegemea mnyama kwa kazi ya ufuoni, mapumziko ya ziwa ni mapumziko ya mnyama, na mtu mwenye hekima huyapangia mapema.

Haya sasa, ndugu zetu, ndiyo twayashauri.

Kwanza, kabla hamjamwita mnyama mkaidi, mkagueni. Tazameni mgongo kama una kidonda chini ya matandiko, kwato kama zina jiwe au ufa, na mdomo kama una jeraha. Mnyama mwenye maumivu hana lugha ila mateke. Na mkiona amekonda ingawa anakula, au amelegea na ana homa, mwiteni afisa mifugo, maana nchi hiyo ina mbung'o na nagana haitibiwi kwa fimbo.

Pili, siku zisizo na kazi msimwache amefungwa kutwa. Mtembezeni kila siku, nusu saa au zaidi, bila ya mzigo. Pumba zipunguzwe, majani yawe mengi. Pumba zilowanishwe kwanza, kwa kuwa zikiwa kavu huweza kumkwama kooni. Maji safi yawepo daima. Kwa wanyama wengi baridi hupunguza hamu ya kunywa, na tumbo lenye chakula kikavu bila ya maji huweza kufunga na kuua.

Tatu, kila kazi ianze kwa mwendo wa pole. Dakika 10 au 15 za kutembea tu, ili misuli iliyopoa ipate joto. Kisha, ikiwa nguvu zingali zinamchemka, achukuliwe pahali pa wazi pasipo na mawe, penye kinga ya upepo, azungushwe kwa kamba ndefu, mara upande wa kulia na mara upande wa kushoto, kwanza kwa kutembea, halafu kwa matiti. Msimwache aende shoti, kwani mbio za wazimu hazimtulizi bali humtia wazimu zaidi. Mgeuzeni mara kwa mara, msimamisheni, mwanzisheni tena. Mnyama anayelazimika kufikiri hasahau miguu yake. Atakaposhusha kichwa na kuanza kutafunatafuna, jueni moyo wake umerudi.

Nne, siku ya kwanza baada ya mapumziko marefu mzigo uwe nusu, na siku ya pili uongezwe. Hiyo ndiyo sunna ya Al-Hafya na Bani Zuraiq. Na mtoto asimpande siku hiyo ya kwanza hata kidogo. Amshike mtu mzima. Wala mtu yeyote, mkubwa au mdogo, asiizungushe kamba mkononi mwake, maana mnyama akikurupuka kamba hiyo hukaza na huvunja mkono au humburura mtu.

Tano, kazi iishe kama ilivyoanza, kwa mwendo wa pole mpaka pumzi itulie. Akiwa na jasho asifungwe penye upepo. Afutwe kwa majani makavu, atupiwe gunia kavu mgongoni, na awekwe penye kinga. Baridi yenyewe haimdhuru sana mnyama mkavu aliyeshiba majani, kwa sababu tumbo lake hutengeneza joto kwa kuyasaga. Kinachomdhuru ni jasho na upepo kwa pamoja.

Sita, kwa kuwa punda huyo ni dume asiyehasiwa, sehemu ya ukali wake ni maumbile. Katika kumhasi mnyama maulamaa wana kauli mbalimbali, na wengi wameruhusu palipo na manufaa. Basi hilo liulizwe kwa shekhe wa mji, na likiamuliwa lifanywe na mjuzi wa mifugo, si kwa kisu cha nyumbani.

Na fimbo? Mtume (s.a.w.) amekataza kumpiga mnyama usoni na kumtia alama ya moto usoni. Na katika mapokezi ya Abu Daud, aliingia katika shamba la mtu wa Ansari, ngamia akamwendea akilia, naye akampangusa mpaka akanyamaza; kisha akamwita mwenyewe akamlaumu kwamba humtia njaa na humchosha. Tazameni jinsi hukumu ilivyokwenda: aliyelia alikuwa ngamia, na aliyeulizwa alikuwa mwenye ngamia. Kumpiga mnyama kwa nguvu ambazo sisi wenyewe tumezilimbikiza ndani yake kwa pumba na kamba, ni kumwadhibu kwa hesabu yetu.

Ndiyo maana hatumshauri mama huyu amuuze mnyama. Akimuuza leo bila ya kueleza tabia yake, amemficha mnunuzi aibu ya kitu, na hilo katika biashara ya Kiislamu ni haramu. Na akinunua mwingine akamfuga vivyo hivyo, vita vitarudi mbalamwezi ya pili.

Twapenda pia nyumba nzima ishiriki. Tamim ad-Dari (r.a.), sahaba mtukufu, aliingiliwa na mgeni akakutwa akichambua shayiri ya farasi wake kwa mkono wake, na watu wa nyumbani wamemzunguka. Mgeni akastaajabu kwa nini hakumwachia mmoja wao kazi ile. Akajibu kwamba amemsikia Mtume (s.a.w.) akisema mwenye kumchambulia farasi wake shayiri kisha akamlisha, huandikiwa jema kwa kila punje. Hadithi hiyo imekuja kwa farasi wa jihadi. Lakini kumhurumia kila kiumbe chenye uhai kuna thawabu, kama ilivyothubutu katika hadithi nyingine. Mtoto aliyetupwa, akipona, asifundishwe kumchukia mnyama. Apewe kazi ya kumpangusa mgongo, kumchukulia maji na kumtembeza pamoja na baba yake. Hapo atajifunza mengi ambayo kitabu hakiwezi kumfundisha, na mnyama ataijua sauti yake.

Na tuseme neno moja kwa wazazi wote, walio na punda na wasio naye. Nyumbani mwetu mna vijana ambao damu yao imechemka vilevile, na miezi ya mapumziko huwakuta wamekaa barazani, chakula kimo na kazi haimo. Kisha wakifanya shari, twawakimbilia kwa fimbo. Nguvu ni amana ya Mwenyezi Mungu, na ya kijana ni kubwa kuliko ya mnyama. Apewe kazi ya kila siku, kwa kipimo cha umri wake, iongezwe kadiri anavyoiweza. Na mkono unaomwongoza uwe thabiti bila ya ukali.

Katika Sura ya Al-Adiyat Mwenyezi Mungu ameapa kwa farasi wakimbiao wakihema, wakitoa cheche kwa kwato zao. Kisha akageuka kutaja kwamba mwanadamu ni mwingi wa kukosa shukrani kwa Mola wake. Baadhi ya wafasiri wamezingatia kwamba farasi humtii amlishaye hata kwenye mikuki, naye mwanadamu humsahau Amlishaye kila siku. Basi anayetaka kumtia adabu mnyama wake na atazame kwanza nafsi yake, kama yeye naye ana adabu kwa Bwana wake.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wapole kwa vile alivyoviweka chini ya mikono yetu, na atuhifadhie watoto wetu. Amin.